Kabla ya Kumwita Farasi Mkaidi

Farasi aliyekuwa mtulivu miaka yote anaanza vituko. Akitakiwa apige shoti, anachapa mkia huku na huko. Hatamu zikivutwa anaachama. Akifika kwenye kiunzi anagoma. Ukimtazama miguu, hachechemei. Mwenyewe hujikuta kwenye njia panda: amzidishie kiboko, amtafutie mwalimu mkali, au amuuze kabla hajamvunja mtu shingo. Sisi tuliolelewa na methali kwamba shukrani ya punda ni mateke tunaelewa hasira yake.

Daktari wa mifugo Sue Dyson, aliyefanya kazi miaka mingi mjini Newmarket, Uingereza, alianzia kwingine. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha orodha ya tabia 24 za farasi akiwa amepandwa. Chache ni za kutisha, kama kusimama kwa miguu ya nyuma. Nyingi ni ndogo: masikio kulala nyuma kwa sekunde 5 au zaidi, weupe wa jicho kuonekana kila mara, ulimi kutoka nje, lijamu kuvutika upande mmoja, kujikwaa tena na tena. Kila tabia ni alama moja. Anayefikisha alama 8 yaelekea ana maumivu ya misuli, mifupa au viungo.

Tutajuaje kuwa ni maumivu, si tabia mbaya? Ganzi ndiyo iliyotoa jibu. Farasi wenye hitilafu ya mwendo walipandwa, wakachomwa ganzi mahali palipokuwa na maumivu, kisha wakapandwa tena. Alama zikashuka papo hapo. Ukaidi hauondoki kwa sindano ya mguuni.

Tatizo hili si la farasi wachache. Utafiti uliochapishwa 2014 ulipima farasi wa michezo zaidi ya 500 ambao wenyewe waliwaamini kuwa wazima. Karibu nusu walikutwa na kasoro katika mwendo.

Kwa hiyo mwenye farasi aanze kwa kumrekodi kwa simu akiwa amepandwa, kutoka mbele, nyuma na pande zote mbili, kisha ahesabu. Video hiyo ampelekee daktari wa mifugo. Tandiko likaguliwe kama linambana mgongoni, meno yatazamwe, na vidonda vya tumbo visisahauliwe, kwa kuwa tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, hata likiwa tupu. Alama chini ya 8 zisimpe mtu uhakika, maana wapo farasi wenye maumivu wanaoonyesha dalili chache. Tena kipimo hiki ni cha farasi anayepandwa. Usikitumie kumhukumu punda wa mizigo.

Mwalimu ana nafasi yake, lakini aitwe baada ya daktari. Kumfundisha farasi anayeumwa ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake, na aliye juu ya tandiko ndiye atakayeanguka.