Mama Anyonyeshaye Hahitaji Mahubiri

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, ulimwengu huadhimisha Juma la Unyonyeshaji, na akina mama hukumbushwa ubora wa maziwa yao. Ubora huo hauna mzozo. Ninalolitilia shaka ni dhana kwamba mama aachaye kunyonyesha mapema hufanya hivyo kwa sababu hakuambiwa.

Tuutazame mji wa Ukunda. Wanawake wengi wa hapa huajiriwa katika hoteli za Diani: hutandika vitanda, hufua, hupika na kuandaa meza, kwa zamu za mchana na usiku. Wengi wametoka mbali na huishi katika vyumba vya kupanga. Kwa desturi ya Pwani, mwanamke aliyejifungua ndiye hasa aitwaye "mzazi", naye hutunzwa siku arobaini. Yupo wa kumkanda, wa kumpikia uji, na wa kumwonyesha namna ya kumpakata mwanawe ili alishike titi sawasawa. Lugha yenyewe inaushuhudia ujuzi huo: maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, yana jina lake, dang'a, na kumwachisha mtoto ziwa ni kumlikiza. (Sidai kwamba wazee hawakukosea, wapo walioyamwaga maziwa hayo ya kwanza wakiyadhani uchafu.) Lakini mzazi ambaye mamake yuko Kitui au Kisumu atamwuliza nani, titi likivimba usiku wa manane?

Atamwuliza muuguzi, wataniambia. Naam, lakini muuguzi naye ana lugha yake. Humwagiza mama: "Mtoto asile chochote mpaka miezi sita." Kwa Kiswahili maji hayaliwi, hunywewa. Mama mtiifu atamnyima mwanawe uji na, kwa joto la Ukunda, atampa maji kwa nia njema kabisa. Kila kijiko cha maji humpunguzia mtoto hamu ya kunyonya. Na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya majuma machache mama hulalamika kwamba maziwa hayatoshi, na mkebe wa maziwa ya unga huingia nyumbani. Ilhali maziwa yake yana maji yote ambayo mtoto anayahitaji. Lingetosha swali moja: "Tangu jana umempa nini kingine, hata tone?"

Si kwamba nchi haijapiga hatua. Mwaka 2003, ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa bila ya kupewa kitu kingine. Mwaka 2014 wakawa asilimia 61. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata asilimia 60. Tumekwama, na sababu mojawapo ni hesabu rahisi: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu, nasi twamtaka anyonyeshe sita.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilikusudia kuliziba pengo hilo. Inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye viti, meza ndogo, mahali pa kunawia mikono, umeme na jokofu. Tena inampa mama mapumziko yasiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na ya chakula. Hoteli yenye vidimbwi vya kuogelea haiwezi kusema kwamba jokofu dogo ni ghali.

Mitaani, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao takriban 100,000 walizinduliwa kitaifa Septemba 2023, wangefaa zaidi wakibisha hodi katika juma la kwanza, wakae, wamtazame mtoto akinyonya, na wawakutanishe wazazi majirani. Anayepanga Ukunda hahitaji kusafiri hadi Msambweni ili afundishwe kumgeuza mtoto.

Shule nazo ni waajiri, jambo ambalo walimu wakuu hulisahau. Sheria hiyohiyo imetamka waziwazi kwamba chumba hicho kisiwe msalani. Je, katika shule yako, mwalimu aliyerejea kutoka likizo ya uzazi hukamulia wapi maziwa kati ya kipindi na kipindi?