Reli ya Makueni: Kama ya Kuchezea, Lakini Ina Wenyewe

Wapo watu wazima, hasa Ulaya na Marekani, wanaojenga reli ndogo juu ya meza: treni, vilima, miti na vijiji, aghalabu kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko kile halisi. Anayerundika vioja vingi mahali pamoja huambiwa ametia chumvi. Mimi huwaza kwamba watu hao wangepanda treni Miritini na kupita Makueni, wangenyamaza.

Tuanze na reli zenyewe. Baada ya Mtito Andei, katikati ya mibuyu, utaona reli mbili na barabara kuu zikifuatana. Reli moja inapindapinda chini, nyingine imenyooka juu ya tuta. Ile ya kale, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, ina upana wa mita 1 na ilifuata ulalo wa ardhi ili kupunguza kazi ya kuchimba na kujaza. Ya SGR, iliyozinduliwa 2017, ina upana wa milimita 1,435, na imenyooshwa ili treni ya abiria ifikie kasi ya kilomita 120 kwa saa. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine.

Kona za reli ya kale ndizo zilizoleta kioja cha pili, garimoshi la Garratt. Pipa lake la kuchemshia maji limebebwa katikati, na kila upande kuna seti ya magurudumu inayogeuka kivyake, utadhani mtoto ameunganisha vipande vya treni tatu. Lakini hivyo ndivyo dude la tani 250 hivi lilivyoweza kukata kona bila kuilemea reli. Moja lao, Mount Gelai, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi.

Halafu kuna Makindu, palipohudumiwa injini za mvuke. Ghafla, katika nyika kavu, unaona kuba nyeupe za hekalu la Sikh. Lilijengwa 1926 na wafanyakazi wa reli wa dini hiyo, na hadi leo msafiri wa dini yoyote hulishwa bure.

Kwa hiyo hakuna kilichowekwa pale kwa pambo. Kila kioja ni jibu la shida ya mtu: mlima, kona, maji au njaa.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa Pwani tulitazame vizuri lile tuta la SGR. Ukiwa dirishani, vishimo vilivyo chini yake ni kama vya kuchezea. Kwa mfugaji wa Kibwezi, tuta ni ukuta, na kishimo ndicho mlango wa kufikia malisho na maji. Hata ndugu zetu wa Kitui, ambao reli haiwafikii, wakishuka Kibwezi kwenda Mutomo hutegemea barabara na mapito yaliyo wazi.

Mezani, ng'ombe huinuliwa kwa vidole viwili na kuwekwa ng'ambo. Makueni lazima atembee. Basi mapito hayo yazibuliwe kabla ya mvua za Novemba, na wenyeji waulizwe ni yapi yanayojaa maji kwanza. Wao ndio wanaoyajua.