FAINI ZA BARABARANI ZINAKULA FAIDA YAKO? ANGALIA DENI LA CHOMBO CHAKO LEO



Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni na una pikipiki, bajaji au kigari cha kupelekea mizigo kwa wateja. Swali moja tu: mara ya mwisho kuangalia deni la faini kwenye chombo chako ilikuwa lini?

Mimi sikuwahi. Jumamosi moja dereva wangu alitoka na oda sita za vyombo vya jikoni. Akasimamishwa, askari akaingiza namba ya gari kwenye mashine, madeni manne yakatokea. Kila moja 30,000, yaani 120,000 kabla ya nyongeza ya kuchelewa. Dereva alikuwa anajua yote, ila aliogopa kuniambia. Gari likakaa kituoni mpaka nilipolipa, na wateja wawili wakaghairi. Faida ya wiki nzima ikaishia hapo.

Nilichojifunza ni hiki: kosa analifanya dereva, lakini deni likisajiliwa kwa namba ya gari, linakusubiri wewe mwenye gari. Ukilinyamazia halifutiki, linaongezeka.

PIGA HESABU KWANZA
Kwa Tanzania, faini ya gari ni 30,000 kwa kosa moja. Pikipiki na bajaji ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000. Sasa kama kila mzigo unakuachia faida ya 3,000, kosa moja la gari limekula mizigo 10. La bodaboda limekula mitatu na zaidi. Makosa mawili kwa mkupuo mmoja? Zidisha mara mbili.

FANYA HIVI

1. Angalia deni kila Jumatatu. Ingia tms.tpf.go.tz, mfumo wa Jeshi la Polisi. Unaweza kutafuta kwa namba ya chombo au namba ya leseni. Ni bure, na dakika mbili zinatosha. Deni la maegesho ni jingine kabisa, usiyachanganye.

2. Ukipata deni, lipa mapema kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontrol namba. Kwenye simu yako nenda kwenye malipo ya serikali. Usitume hela kwenye namba ya mtu binafsi. Ukipata meseji ya "una deni" yenye linki usiyoijua, usiibonyeze, hakiki kwanza kwenye mfumo. Risiti itunze, ipige na picha.

3. Hukubaliani na kosa? Usigombane barabarani. Andika saa, mahali na kosa ulilotajiwa, piga picha kibao au alama ya pale, kisha nenda kituoni ukaeleze kwa utulivu. Kulipa ni sawa na kukubali kosa. Kama kweli hukulifanya, una haki ya kukataa na jambo likaamuliwa mahakamani. Ila pima: muda utakaotumia unalingana na hiyo faini?

4. Kabla ya kumpa mtu chombo, omba namba ya leseni yake, iangalie kwenye mfumo. Mwenye madeni ya spidi yamepangana atakuletea na wewe. Na ukinunua gari au pikipiki ya mkononi, angalia deni kabla ya kutoa hela. Baada ya hapo utabaki kumpigia muuzaji simu ambazo hapokei.

5. Andikianeni. Makosa ya uendeshaji (spidi, zebra, taa nyekundu, kutovaa helmeti) ni ya dereva. Makosa ya chombo (tairi kipara, taa mbovu, bima iliyoisha) ni yako boss. Usimkate mshahara kienyeji, sheria ya kazi inataka makubaliano ya maandishi. Na mwambie wazi: akipata faini akutumie picha ya karatasi siku hiyohiyo. Akisema mapema mnazungumza, akificha ndiyo kosa kubwa zaidi.

TUSEME UKWELI KIDOGO
Faini nyingine tunazisababisha sisi. Unamwahidi mteja "nusu saa tu mzigo umefika", halafu unampigia dereva kila dakika tano. Kwenye makazi ya watu mwisho ni spidi 50. Huyo kijana atapigwa tochi tu, na hapo ushukuru kama ni tochi na siyo ajali. Ahidi saa mbili, fika kwa saa moja na nusu. Mteja atafurahi, na dereva atarudi salama.

Sasa usiseme "nitaangalia baadaye". Chukua namba ya chombo chako uangalie sasa hivi, kisha rudi utuambie kwenye komenti umekuta nini. Na mtumie mwenzako mwenye bodaboda ya mizigo, huenda deni lake linazidi kukua na hana habari.

Biashara njema!