Kwa nini sindano inashika sumaku lakini msumari unaiachia?

Novemba 1857, Burton na Speke walifika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, kwa njia ya misafara kutoka pwani. Julai 1858 Speke alitoka hapo kwenda kaskazini, na Agosti akaliona Ziwa Victoria. Mkononi alikuwa na dira. Sindano ya dira ikipoteza sumaku, msafiri hajui kaskazini iko wapi.

Sasa, chuma kinakuwaje sumaku ya kudumu?

Ndani ya chuma, kila atomu ni kama sumaku ndogo sana. Atomu hizi hukaa kwa makundi, na kila kundi linaelekea upande wake. Nguvu zao zinafutana, ndiyo maana msumari wa kawaida hauvuti kitu.

Ukiusogezea sumaku, makundi yanageukia upande mmoja na msumari unavuta pini. Ukiiondoa, mengi yanarudi kuvurugika. Chuma laini kinageuka haraka na kinaachia haraka.

Feleji, yaani chuma kilichokazwa kwa kaboni, ni tofauti. Ugumu wake unayabana makundi yasigeuke ovyo. Kukitia sumaku kunataka nguvu zaidi, ila kikishashika, kinashika kwelikweli. Sindano za dira zilitengenezwa kwa feleji kwa sababu hiyo.

Jaribu nyumbani

Chukua sindano ya kushonea na sumaku ya spika mbovu. Isugue sindano mara 50 hivi, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Iweke juu ya jani linaloelea kwenye bakuli la maji. Itageuka yenyewe na kutulia kaskazini-kusini.

Maadui wawili

Wa kwanza ni joto. Chuma kikifika nyuzi joto 770 hivi, mpangilio wote unavurugika na sumaku inaisha. Sumaku nyingine, kama zile ndogo zenye nguvu za spika za simu, huanza kudhoofika hata kwenye nyuzi joto 80 hivi.

Wa pili ni kishindo. Magneto ya pikipiki ina sumaku za kudumu, na ndizo zinazozalisha umeme. Fundi akiing'oa kwa nyundo badala ya kifaa chake, sumaku zinaweza kupasuka au kudhoofika. Kwa bodaboda, hapo ndipo shida ya kuwaka na ya chaji inapoanzia.