Kwa Nini Nagombea Uongozi wa Patroli

Tangu nitangaze kwamba nagombea uongozi wa patroli ya Swara, nimeulizwa maswali chungu nzima. Wako wanaodhani nautafuta ukiranja kwa mlango wa nyuma. Wengine wanasema ati nataka tu kupuliza filimbi na kuvaa skafu iliyopigwa pasi siku za sherehe. Basi Mhariri alipoomba makala, nikaona heri niieleze kazi yenyewe, ili anayecheka acheke akijua anachokicheka.

Patroli si kundi zima la maskauti wa shule. Ni watu sita hadi wanane wanaopiga kambi pamoja na kula chungu kimoja. Hapa Kenya maskauti hupangwa kwa umri: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Sisi wengi wetu ni Mwamba. Lakini mpango wa patroli ni wa kale kama uskauti wenyewe. Mwezi wa Agosti 1907, Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wana wa matajiri na wana wa vibarua wakichanganyika. Akawagawa katika patroli 4, na kila patroli ikaongozwa na kijana. Uskauti uliingia Kenya mwaka wa 1910, na mzee huyo mwenyewe alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko huko huko, na kila Februari maskauti hukusanyika kumkumbuka.

Alichoamini ni kwamba kijana huongozwa vyema na kijana mwenzake, mtu mzima akikaa kando kidogo. Hapo ndipo penye tofauti na ukiranja. Kiranja ana karatasi ya majina ya wapiga kelele, na nyuma yake yuko mwalimu wa zamu. Kiongozi wa patroli hana karatasi wala mwalimu wa zamu. Mtu akikataa kuosha sufuria saa mbili za usiku kambini, utampeleka wapi? Utazungumza naye mpaka akubali, au utaiosha wewe.

Na kazi za kambi, jamani, si mchezo. Lazima ujue nani ataleta kuni, nani atateka maji, nani ni mtunza vifaa, nani amebeba sanduku la huduma ya kwanza. Lazima upige hesabu ya unga kabla ya safari, maana pakiti ya kilo mbili yatutosha mlo mmoja tu; Swara hatuna anayekula kidogo. Mvua ikianza, wewe ndiwe wa kutoka nje kuchimba mfereji kuzunguka hema. Chakula kikiiva, kwa desturi yetu kiongozi hupakua wa mwisho. Yuko pia yule mgeni anayelia usiku wa kwanza akijifunika blanketi ili asisikike. Hilo halimo katika orodha yoyote ya kazi, lakini naona ndilo kubwa kuliko yote.

Sasa sababu yangu. Viongozi wa patroli zote hukutana na mlezi wetu katika Baraza la Heshima. Humo hupangwa ratiba, hutazamwa matumizi ya pesa, na husikizwa kesi za nidhamu. Yanayosemwa humo hayatoki nje, na asiye kiongozi haingii. Kambi iliyopita, wenzetu wawili wa Swara walibaki nyuma kwa kukosa pesa za kambi. Walitusindikiza mpaka langoni wakiwa na skafu zao shingoni. Nataka kulipeleka jambo hilo barazani: tuweke akiba kidogo kidogo tangu mwanzo wa muhula, tupande sukuma wiki kando ya bweni tuiuzie jikoni, na pesa hizo ziwalipie wasioweza.

Mpinzani wangu ni mdogo kwangu kimasomo, lakini hufunga mafundo upesi kunishinda, na nikisema hawezi uongozi nitakuwa mwongo. Yeye anataka akiba hiyo inunue hema jipya. Letu linavuja kweli, sikatai. Ila mimi naona afadhali tulale wanane chini ya hema bovu kuliko sita chini ya hema zima.

Mama naye aliniuliza, "Mwanangu, huo uskauti utatoka katika mtihani?" Nilimjibu, "La, Mama." Akanyamaza, kisha akanipa ruhusa kwa sharti kwamba alama zangu zisishuke. Kwa hivyo muhula huu Hesabu inanikosesha usingizi kuliko kura.

Kura itapigwa Ijumaa ya kwanza baada ya likizo. Katika kundi letu patroli hujichagulia kiongozi, na wapiga kura ni wanane tu, wagombea tukiwemo. Tukitoka nne kwa nne, mlezi ataamua pamoja na Baraza. Nikishindwa nitakuwa msaidizi, na shamba la sukuma wiki nitamwomba kiongozi mpya aniruhusu kulianza. Majembe mawili yamekwisha kupatikana. Tunatafuta la tatu, na aliye nalo atupate nyuma ya maabara kila Ijumaa saa kumi za jioni, hata kama si skauti.