Mshale katika Jicho la Harold

Mwulize Mwingereza mfalme Harold alikufaje, atakujibu papo hapo: alipigwa mshale wa jicho. Wengi wameipata habari hiyo kwenye picha moja iliyoshonwa kwa sindano.

Kitambaa cha Bayeux ni kitani chenye urefu wa karibu mita 70 na upana wa nusu mita, kimetariziwa kwa nyuzi za sufu za rangi. Kinasimulia jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyoinyakua Uingereza kutoka kwa Harold katika vita vya Hastings, tarehe 14 Oktoba 1066. Wataalamu wengi wanaamini kilishonwa Uingereza kwa agizo la Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama. Ikiwa ndivyo, walioshika sindano walikuwa watu wa upande ulioshindwa, na mlipaji alikuwa wa upande ulioshinda.

Karibu na mwisho wa kitambaa, juu ya fujo la farasi na mapanga, yapo maneno ya Kilatini yanayosema kwamba hapa mfalme Harold ameuawa. Chini ya maneno hayo wapo watu wawili. Wa kwanza amesimama na ngao yake, mkono umeshika kijiti kilichoelekea usoni, na kichwa chake kimejipenyeza katikati ya herufi za jina la Harold. Wa pili anaanguka, shoka linamponyoka, huku askari wa farasi akimkata paja kwa upanga. Neno la kuuawa limekaa juu ya huyu wa pili. Pembeni, chini kabisa, watu wanawavua maiti deraya zao, maana vazi la chuma lilikuwa mali.

Harold ni yupi? Wachoraji wa zama zile waliweza kumchora mtu yuleyule mara mbili katika tukio moja, akijeruhiwa kisha akifa. Mimi naona ndivyo ilivyo hapa, ingawa wapo wanaopinga kwa kuwa mmoja ana ngao na mwingine shoka.

Tatizo kubwa ni kile kijiti. Antoine Benoît alipokinakili kitambaa mwaka 1729, alichora mahali hapo mstari wa nukta tu, mrefu kuliko mshale wa leo na usio na manyoya, ilhali mishale mingine yote kitambaani ina manyoya. Chapa ya mwaka uliofuata inaonyesha kitu kama mkuki. Manyoya yanaonekana kwa mara ya kwanza katika mchoro wa Charles Stothard wa 1819. Kitambaa kimewahi kutiwa viraka na nyuzi mpya, na fundi anayejua hadithi huiona hata kwenye matundu matupu ya sindano.

Maandishi nayo hayakubaliani. William wa Poitiers, aliyekuwa kasisi wa mshindi mwenyewe, hasemi mfalme alivyouawa. Shairi moja la Kilatini linataja wapiganaji wanne waliomkatakata. William wa Malmesbury, aliyeandika karne ya 12, anataja yote mawili: mshale uliopenya ubongo, kisha askari aliyemkata paja akiwa chini, na ambaye William mshindi alimfukuza jeshini kwa kitendo hicho cha aibu.

Basi anayetaka kukitumia kitambaa hiki kama shahidi wa kifo cha Harold ashike upanga wa pajani. Mshale wa jichoni, kwa jinsi ulivyo leo, hauwezi kusimama kizimbani.