Chombo cha Barua: Ndege za Majini Bandarini Dar es Salaam

Katika masimulizi ya zile ndege kubwa zilizokuwa zikitua majini katika bandari yetu kabla ya Vita Kuu ya Pili, aghalabu husifiwa raha ya abiria wake: chumba cha kuvutia sigara, huduma ya chakula angani, na ukumbi mwembamba wenye madirisha ambamo msafiri aliweza kusimama na kutazama viboko wa Naili wakizama na kuibuka. Sikatai kwamba raha hiyo ilikuwapo. Walakini mwenye kutaka kujua kwa nini vyombo vile vilifika Dar es Salaam, mji ambao zama hizo haukuwa na watu wengi wa kumudu nauli yake, hana budi kuwaacha abiria kando na kuyatazama kwanza magunia ya posta.

Mnamo Desemba 1934 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango ambao kwa wakati wake ulikuwa wa ajabu: kwamba barua zote za kawaida baina ya Uingereza na sehemu za himaya yake zilizokubali kuingia katika mpango huo zipelekwe kwa ndege pasipo malipo ya ziada, na huko Uingereza stempu ya peni moja na nusu ikatosha kwa barua ya nusu aunsi. Shirika la Imperial Airways, lililopewa kazi hiyo pamoja na ruzuku ya serikali, likaagiza ndege za majini 28 kutoka kiwanda cha Short Brothers cha Rochester kwa kutazama michoro tu, kabla ya hata moja kuruka. Tarehe 29 Juni 1937 ndege iitwayo Centurion iliondoka Southampton na shehena ya kwanza ya barua za Afrika chini ya mpango huo.

Athari yake ilionekana hasa mitaani mwetu. Barua ambayo kwa meli, kupitia Suez, ilichukua wiki tatu hivi, sasa ilifika kwa muda usiotimia wiki moja. Na kuanzia Februari 1938, mpango ulipoenezwa hadi India, barua ya mfanyabiashara wa Mtaa wa India iliweza kwenda kaskazini mpaka Misri, ikahamishiwa njia ya mashariki, ikafika Karachi kabla meli ya Bombay haijamaliza safari yake. Mchuuzi wa Kariakoo, aliyekuwa na meza yake karibu na soko lile lililofunguliwa mwaka 1923, hakuwa na njia ya kuketi ndani ya ndege ile; barua yake, hata hivyo, iliweza kupanda kwa bei ya stempu, na mle ndani ikapewa mahali pa juu kuliko mabwana waliolipa nauli. Hilo silisemi kwa mzaha, kwa maana ndivyo ndege ilivyoundwa: ilikuwa na sitaha mbili, abiria wakikaa katika sitaha ya chini, na ghala kuu la posta likiwa juu, nyuma ya chumba cha rubani.

Ndege ya kwanza ya jamii hiyo, Canopus, iliruka Julai 1936, nayo ilipewa jina la nyota ambayo manahodha wa pwani yetu waliijua tangu kale kwa jina la Suheli. Upana wa mbawa zake ulikuwa mita 34 na zaidi, urefu wake takriban mita 27, na injini nne za Bristol Pegasus, kila moja ikiwa na nguvu za farasi zipatazo 900, ziliisukuma kwa mwendo wa kilomita 265 hivi kwa saa. Ilikuwa na nafasi ya abiria 24 kwa safari za mchana. Katika safari ndefu hawakufika idadi hiyo, kwani posta haikubali kubanwa.

Ama kutua majini, si jambo jepesi kama lidhaniwavyo na mtu aliye nchi kavu. Tumbo la ndege lilichongwa kama la mashua, likakatwa kidaraja kwa upana wake chini, kwa sababu maji huushika ubao laini kama vioo viwili vilivyolowa vinavyoshikana. Kidaraja kile kiliruhusu hewa kuingia, na chombo, kikishapata mwendo, kikaachana na bahari. Hapa bandari ya Dar es Salaam, ambayo utulivu wake ndio sifa yake, ilikuwa na kasoro ambayo nahodha wa jahazi asingeiita kasoro: siku za shwari kabisa, uso wa maji ukiwa laini pasi na kiwimbi, rubani hakuweza kukadiria kwa macho yu juu kiasi gani, na wakati wa kuruka maji yaling'ang'ania tumbo la ndege kwa muda mrefu. Katika hali kama hiyo ilifaa motaboti itangulie kuyavuruga maji. Motaboti hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia, nayo ni kusafisha njia, maana gogo moja linaloelea, au ngalawa iliyokatiza mbele, ingetosha kulipasua tumbo la bati. Baada ya kutua, baharia alifungua mlango mdogo puani mwa ndege, akalidaka boya kwa upondo. Kisha abiria na magunia wakashushwa kwa mashua hadi ufukweni, na kutoka hapo mpaka jengo ambalo daladala zimelifanya maarufu kwa jina la Posta ya Zamani ni mwendo mfupi kwa miguu.

Njia yenyewe ilitoka Southampton, ikapita Bahari ya Kati hadi Misri, ikaufuata Naili kwa vituo vya Wadi Halfa, Khartoum na Malakal, ikafika Port Bell na Kisumu katika Ziwa Viktoria, kisha ikashuka Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira na Lourenço Marques mpaka Durban. Msomaji aitazame ramani: ndege iliweza kuruka kilomita 1,200 hivi bila kutia mafuta, na Mombasa na Lindi hazitengani hata kilomita 700. Kama haja ingekuwa mafuta peke yake, Dar es Salaam ingerukwa. Ilisimama hapa kwa ajili ya gunia la kushusha na gunia la kupakia, na kwa mtazamo wangu hakuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huo juu ya nani aliyekuwa bwana wa safari.

Hatari nazo hazikukosekana. Tarehe 14 Machi 1939 ndege Corsair, iliyokuwa ikirejea kutoka Durban chini ya rubani Alcock, ndugu wa yule John Alcock aliyeivuka Atlantiki mwaka 1919, ilipotea njia baina ya Port Bell na Juba kwa hitilafu ya chombo cha redio cha kuonyesha mwelekeo. Mafuta yakikaribia kwisha, ikatua katika mto Dungu karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji, ikagonga mwamba na kutoboka. Hakufa mtu. Mafundi wakaitengeneza papo hapo porini; ilipojaribu kuondoka ikagonga mwamba tena, na mwishowe mto ukazibwa kwa boma, kwa jasho la vibarua wa Kikongo, hata maji yakapanda na kupata kina. Januari 1940, baada ya miezi kumi, ikaruka. Wako wanaosifu ujasiri wa marubani katika kisa hiki. Mimi huwafikiria zaidi wale walioujenga ukuta, ambao majina yao hayatajwi.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, njia ya Bahari ya Kati ilifungika, na Dar es Salaam, iliyokuwa kituo cha katikati, ikajikuta katika njia mpya yenye umbo la kwato, ikianzia Durban, kupitia Misri na India, hata Sydney. Nayo bandari ikapokea ndege nyingine za majini, Catalina za jeshi la Uingereza, zilizotoka kuzisaka nyambizi katika Bahari ya Hindi.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoziua. Hoja kuu ya ndege za majini ilikuwa kwamba bahari haihitaji kujengwa. Lakini majeshi yalipojenga viwanja virefu kila pembe ya dunia kwa ajili ya ndege za mabomu, hoja hiyo ikabatilika, na gharama iliyokuwa imejificha ikadhihirika. Kila kituo cha majini kilitaka motaboti, matishari ya mafuta, maboya, taa za usiku zinazoelea, mabaharia wa kuvihudumia vyote hivyo, na juu yao kutu ya maji ya chumvi isiyokoma kula bati. Ndege za pwani yetu zilistaafishwa mwaka 1947. Mwaka uliofuata shirika la BOAC, mrithi wa Imperial Airways, lilileta ndege mpya za majini aina ya Solent kwa safari za kusini, ila hizo zilitoka Port Bell zikapita bara mpaka Victoria Falls na bwawa la mto Vaal, zikiwa na abiria wachache waliostarehe kweli kweli, na hazikuigusa pwani. Zilidumu hadi Novemba 1950, ndege za nchi kavu aina ya Hermes zilipochukua mahali pake. Barua za Kariakoo hazikuzingoja: tangu 1946 shirika jipya la East African Airways lilikuwa limekwisha kuanza kazi kwa vindege vyake vidogo vyenye magurudumu.